Usilaumu kitochi cha mtu, kagua ukurasa wako



Najua nimepotea. Tangu nirudi kutoka TP sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeoa huko Madibira au nimegeuka mkulima wa mpunga moja kwa moja. Hapana jamani, nipo. Maandalio ya somo, madaftari ya kusahihisha na majaruba ya mjomba vilinimaliza. Leo Jumamosi hosteli imetulia, mwenzangu wa chumbani kaenda mjini kunyoa, umeme upo, chai ipo mezani. Ngoja nitoe dukuduku ambalo limenikaa kifuani tangu siku ile binti mmoja wa kidato cha tatu aliponiambia ng'ombe yupo kwenye ngeli ya U-I.

Dukuduku lenyewe linahusu CSS. Sasa usikimbie! Najua wengi humu ni walimu watarajiwa wa Kiswahili, Historia na Baiolojia, si watu wa kompyuta. Nitaeleza kwa lugha ya darasani. Ukurasa wa kwenye intaneti una sehemu mbili kubwa. HTML ni wanafunzi wenyewe: kichwa cha habari, aya, picha, jedwali. CSS ni mpango wa kukaa: nani akae mbele, nani nyuma, madawati yapangwe safu ngapi, ukuta upakwe rangi gani. Halafu kuna kivinjari, yaani Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini na wenzao. Huyo ndiye monita. Wewe unamwachia karatasi ya mpango, yeye ndiye anayewapanga watu. Tatizo linakuja pale ambapo monita wa mkondo A na monita wa mkondo B wanasoma karatasi ileile, mmoja anaelewa yote, mwingine anaruka mistari mitatu. Ukipita dirishani unakuta darasa moja limekaa vizuri na lingine limejazana kwenye kona.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili tusije kulaumiana: ukurasa hauhitaji kufanana kwenye kila simu. Sura ibadilike inavyotaka. Ila maana isibadilike. Na ikibadilika, mwenye kosa ni aliyeuandika ukurasa, si mwenye simu.

Sasa kisa.

Kwa wasiopajua, Madibira ipo wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, ingawa sisi tunaotokea Iringa tunaingilia Mafinga, tunaacha lami kuu na kukata kuelekea bondeni. Ukifika unakutana na majaruba ya mpunga mpaka macho yachoke. Kuna skimu kubwa ya umwagiliaji inayotumia maji ya mto Ndembera. Mimi nimekulia hapo, na TP yangu niliomba nifanyie shule moja ya sekondari ya upande huohuo ili nikae kwa mama, nile ubwabwa wa bure.

Nilipewa Kiswahili kidato cha tatu. Vitabu vya sarufi vilikuwa vichache kuliko wanafunzi, basi nikasema mimi si kijana wa kisasa? Nikatengeneza ukurasa wa notisi. Nilikesha siku mbili. Kulikuwa na jedwali la ngeli limepangwa safu mbili, kushoto jina la ngeli, kulia mifano. Chini kulikuwa na kitufe chenye mshale cha kwenda ukurasa wa pili, wenye maswali ya mazoezi. Kwenye simu yangu, Android yenye Chrome mpya, ulikuwa unameremeta. Nikaandika anwani ubaoni, nikawaambia wakifika nyumbani waazime simu za wazazi wasome, maana shuleni simu haziruhusiwi. Nilitoka darasani nimevimba kichwa kama waziri.

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio dogo. Nikaanza kusahihisha, nikakuta maajabu. Wanafunzi kama saba hivi wameandika kwamba "ng'ombe" ni ngeli ya U-I, "mti" ni LI-YA, "jani" ni KI-VI, "kiti" ni I-ZI. Mwanzoni nilidhani wameigiliziana. Nikakasirika. Nilimwita mmoja wao, binti mpole ambaye madaftari yake huwa safi kuliko yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie, wewe nyumbani mna ng'ombe?"

"Tunao mwalimu."

"Mnasema ng'ombe umelala au ng'ombe amelala?"

"Amelala."

"Sasa mbona hapa umeandika U-I?"

Akaangalia chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua ni amelala, mwalimu. Lakini kwenye notisi zako imeandikwa hivyo."

Jamani! Nilitaka ardhi ipasuke. Yaani mtoto anaijua lugha yake vizuri kabisa, ameisema tangu anatambaa, akaiacha akafuata ukurasa wangu kwa sababu mimi ni mwalimu. Hapo ndo nilipoelewa kwamba mpangilio wa ukurasa si urembo. Mpangilio nao unafundisha, na ukikosea unafundisha uongo.

Jioni nikaenda kwao. Baba yake alinipokea vizuri, akanitolea kigoda, akaleta na simu yenyewe: kitochi cha kisasa, kile chenye vitufe lakini kinaingia intaneti, kinachotumia mfumo wa KaiOS. Nikafungua ukurasa wangu. Kumbe zile safu mbili hazipo kabisa! Majina ya ngeli yamepangwa yote juu, moja chini ya jingine: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI. Halafu chini yake ndipo inaanza mifano: mtu, ng'ombe, mti, jani, kiti, nyumba, ukuta. Ngeli sita, mifano saba, kwa sababu A-WA niliipa mifano miwili. Mtoto alichukua daftari, akapiga mstari katikati, akapanga la kwanza kwa la kwanza, la pili kwa la pili. Mtu akaenda A-WA, sawa. Ng'ombe akaangukia U-I, na wote waliofuata wakasogea hatua moja. "Ukuta" ukabaki bila mwenyewe. Mtoto hakukosea chochote. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya na karatasi ile.

Kwa nini ilitokea? Mimi nilitumia gridi ya CSS, ile ya kuandika "display: grid". Gridi ni kitu kizuri sana, lakini iliingia kwenye vivinjari vikubwa Machi 2017: Firefox 52, Chrome 57 na Safari 10.1, vyote mwezi mmoja. Sasa KaiOS toleo la 2.5, lililomo kwenye vitochi vingi vya namna hiyo, imejengwa juu ya injini ya Firefox 48. Hesabu mwenyewe: 48 ni kabla ya 52. Simu haikuharibika na baba wa watu hakukosea kuinunua. Monita wake hajawahi kufundishwa neno "gridi", na kanuni ya CSS ni kwamba kivinjari kikikutana na agizo kisichoelewa, kinaliruka na kuendelea. Akaliruka, akawapanga watu kwa jinsi walivyosimama kwenye HTML. Na kwenye HTML yangu niliandika ngeli zote kwanza, mifano yote baadaye. Kosa langu lilikuwa hapo.

Dawa yake ilinichekesha. Nilitumia jedwali la kawaida la HTML, lile la kizamani lenye tagi ya "table", kila ngeli kwenye mstari mmoja na mifano yake. Jedwali hilo kila kivinjari kinalielewa, kiwe cha juzi au cha miaka 20 iliyopita. Sasa kwa nini sikulitumia tangu mwanzo? Kwa sababu mafunzo yote niliyosoma yalisema usitumie jedwali, ni ushamba. Ukweli ni kwamba onyo lile lilikuwa na sababu. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 watu walikuwa wanapanga ukurasa mzima kwa majedwali, menyu ndani ya jedwali, picha ndani ya jedwali, jedwali ndani ya jedwali. Hilo lilikuwa baya kweli. Lakini orodha ya ngeli na mifano yake ni jedwali kwa asili yake! Mimi nilikariri onyo bila kuuliza lilitoka wapi. Mwalimu mzima, nimekariri.

Nikadhani yameisha. Wapi!

Nikaamua kuzunguka na ukurasa wangu kama bwana afya. Nikaomba simu ya mama, ya mjomba, ya mwalimu mwenzangu, na niliporudi chuoni nikaomba za hapa hosteli. Nilichokuta nakiandika ili wewe mwenye ndoto ya kuweka notisi mtandaoni usirudie.

Simu ya mjomba ina Opera Mini, na ameiweka kwenye kiwango cha juu kabisa cha kubana data, kwa sababu bando lina mwenyewe. Opera Mini ilitoka kwa dunia nzima Januari 2006, na ujanja wake ni huu: simu haiufungui ukurasa yenyewe. Seva ya Opera ndiyo inaufungua huko mbali, inaukamua, halafu inakutumia muhtasari mwepesi. Ndiyo maana bando halikati haraka. Lakini katika kukamua huko, fonti za mtandaoni hazipiti. Na mshale wangu wa "ukurasa wa pili" ulikuwa ni herufi ya fonti ya ikoni. Kwa mjomba ukatokea kijiboksi kitupu. Nikamuuliza, "Mjomba, hapa ukitaka kuendelea unabonyeza wapi?" Akaniangalia. "Kwani kuna kuendelea?" Wadau, kuna watoto ambao hawakuwahi kujua kama kuna maswali ya mazoezi! Dawa: nikafuta mshale, nikaandika neno "Endelea". Neno la Kiswahili halijawahi kushindwa kupita kwenye Opera Mini.

Simu ya mwalimu mwenzangu ni Android ya miaka mingi, na Chrome yake hajawahi kuisasisha. Pale juu nilikuwa na vitufe vya ngeli vimepangwa kwa fleksiboksi, na kuviachanisha nikatumia "gap". Kwake vikagandana: A-WAU-ILI-YAKI-VI, kama mtu anasoma dua kwa pumzi moja. Kumbe "gap" kwenye fleksiboksi Chrome iliianza toleo la 84, Julai 2020, na Safari ikafuata 14.1, Aprili 2021. Na hapa pana mtego. Kuna namna ya kumuuliza monita "je, agizo hili unalijua?" kwa kutumia "@supports". Nikamuuliza kuhusu "gap", akajibu ndiyo. Anasema kweli, anaijua, ila kwenye gridi, si kwenye fleksiboksi! Ni sawa na kumuuliza mtu kama anajua kupika, akasema ndiyo, kumbe anajua chai tu. Dawa: nikarudi kwenye "margin" ya kawaida, ambayo haijawahi kumtupa mtu.

Sasa wale wa kusema "hayo ni matatizo ya simu za bei nafuu", ngoja niwamalize. Mwenzangu wa chumbani ana iPhone, na anapenda tujue kwamba ana iPhone. Nikamwambia fungua. Kitufe cha "Endelea" kikawa hakionekani, kimejificha nyuma ya upau wa chini wa Safari. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba boksi kuu liwe na urefu wa "100vh", yaani asilimia mia ya urefu wa kioo. Safari ya simu inahesabu urefu huo kana kwamba vile vipau vyake vimekwisha kujikunja, kwa hiyo vinapokuwa wazi, sehemu ya chini ya boksi inazama. Kipimo kipya cha "100dvh", kinachofuata vipau vinavyopanda na kushuka, kilikuja Safari 15.4 mwezi Machi 2022 na Chrome 108 Novemba mwaka huohuo. Dawa niliyochagua ni rahisi zaidi: nikafuta agizo lote la urefu, nikaacha ukurasa uwe mrefu kadiri ya maneno yake. Hakuna aliyelalamika.

Unaona basi? Kitochi kilivunja kimoja, simu ya bei ya juu ikavunja kingine. Kwa hiyo si habari ya umaskini wa msomaji. Ni habari ya mwandishi kupima kwa simu moja tu, ya kwake, na kudhani ameipima dunia.

Wala tatizo hili si geni. Waliotutangulia walilia zaidi yetu. CSS yenyewe ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwezi Oktoba 1994, na toleo la kwanza likapitishwa Desemba 1996. (Kwa taarifa yako, huyu bwana baadaye akawa mkuu wa teknolojia wa Opera, kampuni ileile ya Opera Mini ya mjomba.) Kisha kila kampuni ikatafsiri kivyake. Internet Explorer 6, iliyotoka 2001, ndiyo ilikuwa kwenye kompyuta nyingi duniani kwa miaka mingi, na ilikuwa na vituko vyake: boksi ukilielekeza lielee kushoto na ukalipa nafasi ya pikseli 10 upande huohuo, lenyewe linajipa 20. Watu walikonda. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004 ndipo wengi walianza kuona kwamba ukurasa "uliotengenezwa kwa ajili ya Explorer" kumbe ulikuwa umepinda.

Kuna kisa kimoja cha enzi zile nakipenda kwa sababu kinafanana na ugomvi wa majaruba. Ukisema boksi lina upana wa pikseli 300, nafasi ya ndani 20 kila upande na mpaka wa 1 kila upande, je, boksi zima lina upana gani? Kanuni rasmi ilisema 300 ni ya maneno tu, kwa hiyo jumla ni 342. Explorer ya 5 ikasema hapana, 300 ni pamoja na kila kitu. Ni kama kwetu mtu anapokodi jaruba: kingo zinahesabiwa ndani ya kipimo au nje? Msipokubaliana mapema, siku ya mavuno mtatafutana. Explorer 6 ikakubali kufuata kanuni, lakini pale tu ukurasa unapoanza na mstari wa DOCTYPE ulio sahihi. Usipouweka, inarudia tabia za zamani. Na kituko ni kwamba leo waandishi wengi wa kurasa wanaanza kwa kuandika "box-sizing: border-box", yaani kingo zihesabiwe ndani, kama alivyokuwa anahesabu yule yule tuliyemcheka! Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022, lakini hesabu yake ya kingo imeshinda.

Na kampuni nazo zimejirekebisha. Tangu 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla wanakaa pamoja kila mwaka katika mpango uitwao Interop, wanachagua maeneo ambayo vivinjari vyao havikubaliani, wanayarekebisha. Ni jambo jema sana. Lakini marekebisho hayo yanaingia kwenye kivinjari kipya. Kitochi cha Madibira hakijaalikwa kwenye kikao hicho.

Sasa ukipigiwa simu kwamba "mwalimu, ukurasa wako umeharibika", ufanye nini? Mimi nimejiwekea utaratibu, na sehemu kubwa nimeiba kwa mjomba.

Kwanza, usibishe. Usiseme "mbona kwangu uko sawa?" Hilo ni jibu la kiburi, na halimsaidii mtu. Uliza: simu gani, kivinjari gani, toleo la ngapi, na kama anaweza akupigie picha ya kioo. Kama yupo karibu, nenda ukaione.

Pili, kagua HTML kabla ya CSS. Je, DOCTYPE ipo? Ule mstari wa "viewport" upo? Bila huo, simu nyingi zinaufungua ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980 au karibu na hapo, halafu zinaunyweza mpaka herufi ziwe kama sisimizi. Tagi zote zimefungwa? W3C wana ukaguzi wa bure mtandaoni, unabandika ukurasa wako, unaambiwa makosa.

Tatu, tafuta kwa nusu. Maji yasipofika jaruba la mwisho, mjomba hatembei mfereji mzima. Anakwenda katikati. Kama katikati maji yapo, tatizo lipo chini. Kama hayapo, lipo juu. Kisha anagawa tena nusu. CSS nayo ni hivyohivyo. Zima nusu ya maagizo, angalia. Tatizo limeondoka? Basi lilikuwa humo. Faili la mistari 400 unalimaliza kwa hatua kama tisa hivi, badala ya kukodoa macho usiku kucha.

Nne, zungushia kila boksi mstari mwekundu uone lipi limevuka mpaka. Tumia "outline", usitumie "border", maana "border" inaongeza upana na inaweza kukuletea tatizo jipya wakati unatafuta la zamani.

Tano, kabla ya kutumia agizo jipya lolote, pita kwenye tovuti ya Can I Use, utaona kila kivinjari kilianza kulielewa toleo la ngapi. Dakika mbili tu. Ningezitumia dakika hizo mbili, ng'ombe asingelala kwenye U-I.

Sita, na hii ndiyo kubwa: anza na ukurasa usio na CSS kabisa. Uzime mpango wote wa kukaa, usome kuanzia juu mpaka chini. Je, unaeleweka? Kila mfano upo karibu na ngeli yake? Kama ndiyo, sasa pamba unavyotaka, maana hata monita akiruka mistari yote, somo litafika. Kama hapana, usidanganywe na gridi.

Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani haya yote, akaniambia, "Bro, unapoteza muda. Watu wengi wako Chrome siku hizi. Tengeneza kwa ajili ya wengi, hao wachache watanunua simu mpya." Nimelifikiria hilo, kwa sababu si la kipuuzi. Muda wa mwanafunzi ni mdogo, na huwezi kupima kila simu iliyowahi kuuzwa sokoni. Na kweli, kama unatengeneza mchezo au duka la viatu, pengine unaweza kuamua kumwacha mtu nyuma, ni biashara yako.

Lakini sisi ni walimu. Darasani ukiwa na mwanafunzi mmoja ambaye haoni vizuri, unamwambia asubiri anunue miwani, au unaandika herufi kubwa ubaoni? Unaandika kubwa, na wenye macho mazuri hawapungukiwi kitu. Jedwali langu la kizamani linafanya kazi kwenye iPhone pia. Neno "Endelea" linasomeka kwenye Chrome mpya pia. Kumtengenezea wa mwisho hakukuniharibia wa kwanza hata mmoja. Na huyo "mchache" ndiye aliyekuwa anauhitaji ukurasa kuliko wote, kwa sababu mwenye simu nzuri ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kitabu nyumbani pia.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani nikafuta alama za jaribio lile. Nikawaambia wazi kwamba kosa lilikuwa kwenye notisi zangu, si kwao. Kukawa kimya kwanza, halafu wakacheka. Nikamwomba yule binti aje ubaoni awapangie wenzake ngeli upya, kwa kichwa chake, bila notisi. Akaandika zote sita bila kukosea, na "ukuta" akaurudisha kwao, U-ZI. Kabla hajakaa akageuka akauliza, "Mwalimu, na ule ukurasa umeshapona?"

Nikamwambia umepona, lakini safari hii akiona kitu kinagombana na anachokijua, aje aniambie kwanza kabla hajakiandika. Akasema sawa mwalimu. Siku tatu baadaye akaja kuniambia kwamba kwenye ukurasa wa pili swali la nne halina jibu sahihi. Nikaangalia. Kweli halikuwa nalo, na hapo CSS haikuhusika hata kidogo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye kitochi hapo hosteli anigongee mlango, nataka kukiazima dakika tano.